Kuku wa Kanisa na Mtoto Aliyeitwa Bonge

Ndugu zangu, andiko la leo nitalisoma mwisho, kama muda utabaki na kama mtakuwa bado mnanipenda. Nimeamka na hasira. Mama mchungaji aliniambia, "Baba, kunywa maji kwanza, usipande madhabahuni na uso huo." Nimekunywa. Maji hayakusaidia kitu. Basi nitawapa mfano, maana hasira ikipitia kwenye mfano watu huimeza bila kuguna, na wakija kustukia imeshafika tumboni.

Palikuwa na usharika mmoja huko milimani kwenye baridi, penye mahindi, viazi, maharage na maparachichi ya kutosha. Shikeni hapo: ya kutosha. Sisemi habari za ukame. Sisemi habari za watu waliokula mizizi. Nasema habari za watu ambao ghala limejaa mpaka panya wanachagua.

Usharika huo ulikuwa na kuku hamsini wa mayai. Kuku hao walikuwa mradi wa kanisa. Banda lao lilijengwa kwenye uwanja wa mama mmoja kijana, kwa sababu uwanja wake ulikuwa mpana, na kwa sababu mama yule hakujua kukataa. Mnawafahamu watu wa namna hiyo. Kila usharika unaye mmoja, na sisi wengine wote tumepumzika mgongoni kwake.

Mume wake alikuwa mbali, amepata kibarua cha kupasua mbao, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alibaki na mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane. Jina la ubatizo la mtoto huyo lilikuwa Tusekile, yaani tumefurahi. Lakini hakuna aliyemwita hivyo. Mtoto alikuwa na mashavu ya duara, na miguu imejaa hata viatu vya Jumapili vimegoma kuingia. Basi watu wakamwita Bonge, na mama yake akawa Mama Bonge.

Sasa kuku walipoletwa, mtoto akiwa na mwaka mmoja tu, kanisa lilifanya jambo la busara. Lilimwita mtaalamu wa mifugo. Siku mbili nzima alifundisha pale ukumbini, watu wakaandika, wakanywa na soda. Akasema, "Kuku akila pumba peke yake atashiba, lakini hatataga. Shibe si chakula. Changanyeni pumba na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Kuku ni kiumbe, mwili wake unajengwa." Watu wakapiga makofi. Mama Bonge alilishika somo lile kama alivyoshika kipaimara.

Njooni basi asubuhi moja uwanjani kwake, mtazame. Mahindi yamekobolewa. Unga mweupe unaenda jikoni, pumba zinaenda bandani. Ile sehemu ya punje yenye nguvu, kiini na ganda lake, ni ya kuku. Ile nyeupe ya kupendeza macho ni ya mtoto. Mama anachota pumba, anaongeza mashudu, anafungua gunia la dagaa, anachota makopo mawili, anachanganya vizuri, anawamwagia kuku. Akimaliza ananawa mikono, anamkorogea mtoto uji mweupe, na sukari kijiko kimoja siku sukari ikiwepo. Mchana, ugali na mchuzi wa maharage. Mchuzi, nimesema, si maharage, kwa sababu eti maharage yatamvuruga tumbo mtoto. Jioni, kiazi na chai ya rangi. Mtoto anashiba na analala.

Mtoto yule hakulala na njaa hata usiku mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama angelia njaa, mama angesikia. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, na tumbo lililojaa halilii.

Mtaniuliza, na ziwa la mama? Alinyonya hadi mwaka mmoja na miezi mitatu. Hapo mama akapata ujauzito, na majirani wakamjia haraka kuliko wangemjia na kuni. "Mwachishe! Maziwa ya mimba ni sumu." Uongo mtupu, lakini ulisemwa na watu wazima waliovaa vitenge vizuri, na mama kijana angefanyaje? Akapaka mshubiri kwenye ziwa, mtoto akaonja uchungu, akalia siku tatu, akaacha.

Na mayai je? Kuku hamsini, wametunzwa kwa dagaa, wanataga mpaka banda linaimba. Mayai yalikuwa ya kanisa! Kila Alhamisi mwenyekiti wa mradi alikuja na matrei yake, akayachukua yote. Hata yai lililopasuka Mama Bonge aliliweka kwenye bakuli, akalikabidhi. Hakuwahi kulikaangia nyumba yake hata moja. Siku ya mavuno walimsimamisha mbele, wakasema, "Huyu ndiye mwaminifu." Akainama kwa aibu, na mtoto mgongoni.

Na Alhamisi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kliniki ya watoto pale zahanati. Mwanzoni mama alijaribu kugawanyika. Baadaye akasema, "Chanjo amemaliza. Kwenda kupima uzito tu kuna nini? Mtoto mwenyewe si huyu, bonge?" Akabaki kuwasubiri wenye matrei.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo pananipandisha damu. Mungu alilitumia kanisa lile ishara. Hakutuma moja. Ishara zilikuja zimepangana kama waimbaji wa kwaya, na kila ishara ilipokuja, watu wale waliisifu.

Miguu ilivimba, wakasema amenenepa. Nywele za mtoto zikaanza kuwa laini, chache, za rangi ya kutu, ukizivuta kidogo zinabaki mkononi. Akina mama wa kwaya wakamshika kichwa wakasema, "Jamani, huyu ana nywele za Kihindi!" Ngozi ya miguuni ikawa na mabaka meusi, ikabanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Wakasema, "Ni baridi ya Julai, mpake mafuta." Mtoto akaacha kucheza. Akawekwa kwenye mkeka hapo mbele ya kanisa na watoto wengine. Wenzake wanavutana, wanapigana, mmoja anakula karatasi ya matangazo. Yeye amekaa. Inzi anatua kwenye jicho lake, hamfukuzi. Na mchungaji wa kanisa lile akamnyooshea kidole kutoka mimbarini. Akasema, "Wazazi, tazameni mtoto aliyelelewa! Ibada saa tatu nzima, hajalia hata mara moja."

Saa tatu! Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, asikimbie, asivute kitambaa cha mtu, asitupe kitabu cha nyimbo chini, na mtu mwenye stashahada ya theolojia anasema ana adabu! Ninyi mnaolea, niambieni: mtoto wako akinyamaza hivyo nyumbani, si unaacha sufuria linaungua ukamtazame? Kwa nini akinyamaza kanisani unasema asante Bwana?

Haya. Siku moja, siku hiyohiyo ya Alhamisi, akaja mnunuzi wa kondoo.

Huyu bwana kanisani hakuonekana. Hata Krismasi. Alinuka kondoo, alipenda pombe, na pikipiki yake ilipiga kelele mpaka wazee walikuwa wameshaipeleka kwa mtendaji wa kijiji mara mbili. Alikuja kumtazama kondoo dume ambaye mume wa Mama Bonge aliagiza auzwe.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu. Kondoo yuko kule kwenye kigingi."

Akaenda. Na tazameni jinsi mtu huyu anavyofanya kazi yake. Akamfungua kondoo kope, akaangalia ndani kama pana damu. Akamfunua midomo, akahesabu meno. Akamshika mgongo, akabonyeza. Akapitisha mkono chini ya taya, akapapasa. Akanyanyua kwato moja moja. Kondoo mmoja! Dakika kumi! Je, ni lini mara ya mwisho wewe, baba uliyevaa tai, ulimfungua mwanao kope?

Akarudi akisema kondoo ni mzima, waelewane. Ndipo akamwona mtoto amekaa kwenye gunia karibu na banda, na kuku wanadonoa dagaa mbele ya miguu yake.

"Na huyu ni nani?"

"Ndiye Bonge wetu," mama akasema huku akitabasamu.

Mnunuzi hakutabasamu. Akachuchumaa. "Naomba mguu wake, mama. Kwa heshima tu."

Akaweka kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, akabonyeza, akahesabu taratibu mpaka tatu, akaondoa. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Akangoja. Shimo halikurudi. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo.

"Mama," akasema, "huyu hajanenepa. Huyu amevimba. Nyama ukiibonyeza inarudi. Maji hayarudi upesi. Nikiletewa kondoo mwenye taya lililovimba namna hii, mwenye kondoo huniambia amenona. Mimi namwacha hapohapo, kwa sababu najua siku zake zinahesabika."

Mama akakasirika, na mimi simlaumu. "Unamfananisha mwanangu na kondoo?"

"Laiti mngemfananisha na kondoo, mama. Mngemtazama mapema. Mchukue, panda pikipiki, twende hospitali."

Na mama akasema neno gani? Ningependa niwaambie alikimbia kuchukua kanga. Hakukimbia. Alitazama banda. Akasema, "Leo ni siku ya mayai. Mwenyekiti anakuja saa nne. Kuku nitamwachia nani?"

Msimcheke! Nimeona mtu ametabasamu pale nyuma. Msimcheke mama huyu. Neno hilo halikuwa lake. Sisi ndio tulilitia kinywani mwake. Tulimfundisha kwamba uaminifu ni banda, na kwamba Mungu anakuja kukagua matrei. Angelijuaje lingine? Nani mwingine alimfundisha chochote?

Mnunuzi hakubishana. Akamnyanyua mtoto mwenyewe, akambeba kifuani pamoja na harufu yake yote ya kondoo, na mama alipoona mwanawe anaondoka akafuata. Kondoo akabaki kwenye kigingi, hajanunuliwa. Mwenyekiti alipofika akakuta mayai yako ndani ya vikapu na uwanja mtupu, akaondoka amenuna.

Kule hospitali muuguzi alibonyeza miguu ileile, akauzungushia mkono ule utepe wa rangi wanaopimia watoto, na hakusema "bonge". Alisema, "Mngechelewa wiki moja, mama, ningekuwa nakupa pole." Walimtia mtoto joto, kwa sababu mwili wake ulikuwa wa baridi. Walimpa maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Walimpa dawa. Usiku wa pili alizimia, na mama alikaa sakafuni ameshika mguu wa kitanda, hajui amwombe nani, maana wote aliozoea kuwaomba walikuwa kwenye mkutano wa mavuno. Asubuhi mtoto akafungua macho.

Basi maji yakaanza kutoka. Siku ya kumi, wajumbe watatu wa umoja wa akina mama wakaja kumtembelea, na chupa ya chai na neno la faraja. Wakauliza mlangoni, "Tunamtafuta Bonge."

Muuguzi akawaambia, "Wodi hii haina bonge hata mmoja. Kuna Tusekile, kitanda cha nne."

Wakafika kitanda cha nne, wakashika midomo. Mashavu hayapo. Mikono kama vijiti vya kuwashia moto, mbavu unazihesabu. Mmoja akageuka kwa ukali. "Mmemfanya nini mtoto wa watu? Aliingia hapa mnene, sasa amekonda hivi!"

Muuguzi akamjibu taratibu. "Hatujamkondesha, mama. Tumemtoa maji. Huyu mnayemwona ndiye mliyekuwa naye kila Jumapili."

Ndiye mliyekuwa naye kila Jumapili! Ndugu zangu, ingekuwa mimi ndiye mmoja wa wajumbe wale, ningeiweka ile chupa ya chai chini nikarudi nyumbani kwa miguu. Wao walimwachia mama neno la faraja, wakaenda kueleza kanisani kwamba hospitali ile haina chakula.

Baada ya wiki nne mtoto aliruhusiwa. Alikuwa amelia! Alikuwa amempiga daktari kofi! Mama alifurahi kuona kofi lile kuliko ile siku alipoitwa mwaminifu. Muuguzi akamkalisha chini, akamfundisha kwa dakika ishirini mambo ambayo sisi hatukumfundisha kwa miaka yote ya mafundisho yetu. Akamwambia, "Tumia dona, usikoboe. Uji tia dagaa waliosagwa au karanga. Maharage mponde, umpe yenyewe. Kila siku yai. Mboga za majani, tone la mafuta, parachichi. Na huyo anayekuja tumboni, mpe ziwa peke yake miezi sita, halafu chakula, na ziwa liendelee hadi miaka miwili."

Mama akarudi nyumbani. Ndani kulikuwa na nini? Sembe. Na uwanjani kulikuwa na nini? Gunia la dagaa na banda la mayai.

Akafanya alichofanya. Kila asubuhi alichota konzi moja ya dagaa kwenye gunia la kuku, akawasaga upya vizuri, akatia kwenye uji. Kila siku akachukua yai moja. Moja tu. Baada ya wiki mbili akaitwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Wazee tisa, meza, kitambaa cheupe, kumbukumbu zinaandikwa. Mama amesimama, tumbo limeshakuwa kubwa, Tusekile yuko mgongoni anavuta mtandio wa mama yake.

"Mama Bonge," mzee kiongozi akasema, "sisi tulikuamini. Mayai yalipopungua tulivumilia, tulijua unauguza. Lakini tunaambiwa unachota dagaa kwenye gunia la mradi, na mayai hayatimii. Ni kweli au watu wanakuonea?"

"Ni kweli, baba."

"Umechukua mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba."

"Basi unakiri mbele ya kikao kwamba umeiba mali ya kanisa."

Mama yule hakujua kukataa, nimeshawaambia. Hakukataa hata hapo. Alisema, "Baba, naomba nikiri vizuri, katibu aandike. Wizi nimefanya. Nimeiba miezi minane. Kila asubuhi nilichukua chakula cha mwanangu nikawapelekea kuku wenu. Hizi wiki mbili narudisha tu."

Mfano unaishia hapo.

Mnataka kujua kikao kiliamua nini. Sitawaambia, kwa sababu kikao hicho hakijafungwa. Wazee wale bado wamekaa, katibu ameshika kalamu, mchungaji anatazama dari. Ndiyo, mchungaji alikuwepo. Na mimi ningekuwepo ningetazama dari ileile, najijua.

Sisi ndio tuko kwenye meza hiyo, ndugu zangu. Tusijidanganye kwamba huu ni mfano wa watu wa milima mingine. Kuku wa mfano nimewatunga, lakini maparachichi tunayopakia kwenye maboksi yaende kuliwa na watoto wa watu tusiowajua, hayo sikuyatunga. Maziwa yanayopita mlangoni kwetu asubuhi kwenda kuuzwa kituoni, mtoto anayatazama yakipita, sikuyatunga. Yule jogoo anayechinjwa mchungaji akija, paja langu, kidari cha baba, firigisi ya mzee, na mtoto anaambiwa "chovya mchuzi", nani alitunga? Nimekula paja hilo mara ngapi katika nyumba zenu? Nimekula huku mtoto amekaa pembeni anatafuna ugali mkavu, nami nikamsifu kwamba hasumbui wageni. Nimekula, Mungu anisamehe, nikashukuru kwa sala ndefu.

Tunasema kwetu hakuna njaa. Kweli, hakuna. Kwetu kuna watoto walioshiba wanaokufa. Tunasema karogwa. Tunasema kaguswa na jicho baya. Tunasema mama yake katoka nje ya ndoa wakati ananyonyesha, tunamvunjia mwanamke heshima yake sokoni, wakati mtoto alichokosa ni yai. Yai! Tuna maneno mengi sana ya kumhukumu mama, na tumekosa neno moja la kumwambia, "Nipe mguu wake niutazame."

Sasa sikilizeni, nitasema kwa lugha ya mnunuzi wa kondoo, maana ya kwangu haikusaidia mtu. Bonyeza miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu. Pakibaki shimo, usipike kitu, usiende kwa jirani kuuliza, usingoje mume arudi. Hospitali, siku hiyohiyo. Nywele zikiwa laini na za kutu, usizisifu. Mtoto akiwa na uso wa kizee na ngozi ya makalio imelegea kama suruali ya kuazima, usiseme kafanana na babu yake. Mtoto aliyeacha kucheza, aliyekataa chakula, aliyenyamaza, huyo anakuita kwa sauti kubwa kuliko anayelia. Na mtoto mfupi kuliko wenzake wote wa rika lake, hebu tuache kusema "kwao ni wafupi" kabla hatujachungulia sahani yake. Kliniki si ya sindano tu. Nendeni mpaka afikishe miaka mitano, na muuguzi akiishia kwenye mzani mwambie, "Dada, tazama na miguu," kwa sababu maji nayo yana uzito, na mzani haujui maji wala nyama.

Wanaume, msinitazame kama vile nahubiria akina mama. Nani anaamua kipi kiuzwe? Nani anaagiza kondoo auzwe akiwa huko kwenye mbao, asiulize mtoto anakula nini? Mama kijana hawezi kumpa mtoto yai ambalo wewe umeshaliahidi kwa mgeni. Baba ndiye aseme kwa mdomo wake, mezani, mbele ya mama yake mzazi: "Yai hili ni la mtoto, na asiguse mtu." Useme hivyo mara moja tu, utaona nyumba itakavyobadilika.

Na sisi wazee wa kanisa. Tulileta mtaalamu kwa ajili ya mifugo yetu, tulifanya vizuri. Lini tulileta muuguzi kwa ajili ya watoto? Ukumbi ule ule, soda zile zile. Mwezi huu hautaisha kabla hajaja, na mimi mwenyewe nitakaa mstari wa mbele na daftari. Na shughuli yoyote ya kanisa inayoangukia siku ya kliniki, kuanzia leo nimeifuta. Asiyeridhika anishitaki kwa askofu.

Nilisema andiko nitalisoma mwisho. Muda umekwisha, na naona wengine hamnipendi tena. Tutalisoma Jumapili ijayo. Leo kuna la kutenda kwanza. Kila Jumapili baada ya ibada sisi wazee tunaingia ofisini kunywa chai. Watu wa nje mnadhani ni chai. Mimi nimeichungulia asubuhi nilipokuwa naingia: kuna chapati, kuna karanga za kukaanga, kuna parachichi limekatwa vizuri, na kuna mayai ya kuchemsha bakuli zima, yamefunikwa na kitambaa kilichotariziwa jina la Bwana.

Kwaya, kaeni kwanza. Watoto wote walioko kwenye mkeka hapa mbele, pamoja na mama zao, wanyanyuke waende ofisini sasa hivi, kabla ya baraka. Karanga za wadogo zipondwe kwanza, zisiwapalie. Sisi tutangoja nje mpaka washibe kweli, na kama kitabaki kitu tutashukuru, na kama hakitabaki tutashukuru vilevile.

Nimemsikia aliyeguna upande wa kushoto, safu ya wazee. Sauti yako naijua, baba yangu, tumesali pamoja miaka kumi na moja. Sikutaji jina. Inuka, ukanawe mikono kwa sabuni, uwatangulie: wewe ndiye utakayewamenyea mayai.